Shamba la tumbaku lililochoka, na nyasi zake za asili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari wilayani Urambo, mkoani Tabora. Marehemu baba alituachia ekari nne zilizolimwa tumbaku mpaka zikachoka, na kwa miaka mitatu sasa hazioti chochote zaidi ya kishona nguo na vichaka vidogo. Nimesoma kwamba Wamarekani hurudisha nyasi za asili katika nyika zao ziitwazo prairi, nami ningependa kufanya hivyo pamoja na wanafunzi wangu. Je, mbegu nizipate wapi? Ni lazima nichome moto? Na ng'ombe wa jirani waingiao humo kila kiangazi, niwazuie kabisa? — Mwalimu, Urambo

JIBU: Mwalimu, barua yako imenifurahisha, lakini kabla ya mbegu kuna swali moja la kuiuliza ardhi yenyewe: ilikuwa nini kabla ya tumbaku? Mkoani kwenu mbuga ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa masika, na huko nyasi ndizo wenyeji. Tumbaku, kwa kawaida, hulimwa kwenye udongo wa kichanga uliofyekwa miombo. Chukua jembe, uchimbe polepole kando ya kimojawapo cha vichaka hivyo. Ukikuta chipukizi jembamba kama kalamu limeungana na mzizi mnene kuliko mkono wako, basi huo si mche mpya, bali ni mti wa zamani uliokuwa ukikatwa kila msimu bila kufa, na ardhi yako inarudi kuwa miombo, yenye nyasi chini ya miti. Urejeshe hivyo hivyo. Kulazimisha nyika mahali palipokuwa pori si kurudisha asili.

Wamarekani nao walijifunza hayo kwa kazi. Katika miaka ya 1930, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianza kuotesha upya prairi kwenye shamba la zamani mjini Madison, panapoitwa leo Curtis Prairie. Walipanda, lakini nyasi za kigeni kutoka Ulaya ziliendelea kuzisonga zile za asili, hadi majaribio ya miaka ya 1940 yalipoonyesha kwamba moto ukipita kwa wakati wake huzidhoofisha zile za kigeni, ambazo huchipua mapema, na kuziachia nafasi za asili, ambazo uhai wake mwingi umo ardhini, kwenye mizizi inayoweza kushuka zaidi ya mita mbili.

Kuhusu mbegu, usinunue. Tafuta mahali pasipowahi kulimwa, kama makaburini au kando ya kichuguu kikubwa, ukusanye humo zinapokauka, kwa idhini ya wenyewe. Miongoni mwake huenda ukapata nyasi nyekundu iitwayo kitaalamu Themeda triandra, ambayo mbegu yake ina unywele mrefu mweusi uliopinda. Iweke kiganjani, uidondoshee tone la maji, na wanafunzi wataona unywele ukijisokota taratibu. Ndivyo mbegu hiyo inavyojichimbia udongoni yenyewe mvua zinapoanza. Mbegu mbichi ya nyasi hii hulala kwa miezi kadhaa, kwa hiyo ihifadhi pakavu, na usikate tamaa isipoota upesi.

Moto ndio jambo la kuangalia zaidi. Huko Ndola, Zambia, kwenye miombo kama yenu, majaribio yaliyoanza miaka ya 1930 yalionyesha kwamba kuchoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi huua miti na kubakiza nyasi tupu, ilhali kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huiacha miti ikue. Kwa miaka miwili ya kwanza usichome kabisa, kwa kuwa miche haijashika. Lima barabara ya kuzuia moto kuzunguka ekari zote, maana moto wa Septemba hauulizi mpaka. Baada ya hapo, ukiona nyasi kuukuu zimerundikana na kuzifunika changa, choma sehemu moja tu mwezi Juni, kwa kibali cha serikali ya kijiji, na warina asali wenye mizinga jirani wakiwa na taarifa.

Ng'ombe usiwafukuze moja kwa moja. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, na mkoani Shinyanga mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ulirudisha maeneo makubwa kwa kuuheshimu utaratibu huo. Zungumza na jirani yako kabla ya Novemba, mkubaliane tarehe ya kufunga. Kisha wanafunzi wapime vipande kumi vya ardhi, kila kimoja mita moja mraba, wahesabu aina za nyasi ndani yake kila mwezi Machi, wakirudi pale pale kila mwaka. Anzeni na kipande kilicho kando ya kichuguu, ili mjue mnalinganisha na nini.