Kabla hujakata miti Maine, angalia kwanza musi atalala wapi

Jamani leo naongea na wenzangu wa huku Maine, Marekani, mlionunua vipande vya msitu, au mnaofanya kazi kwenye magogo. Juzi kuna ndugu yetu mmoja kanipigia simu, ana eka 60, akaniuliza hivi kaka nikifyeka zote musi wataongezeka au watakimbia? Nikamwambia kwanza usiulize ukate au usikate, uliza nini kitabaki kimesimama pembeni ya pale ulipokata. Akanyamaza kidogo, akasema hajaelewa, ndo maana naandika.

Kwa mlio nyumbani ambao hamjawahi kumuona, musi ni jamii ya kulungu, mkubwa kuliko wote duniani, dume linaweza kupita kilo 500 na miguu mirefu utafikiri kapanda ngongoti. Ukiitoa Alaska hakuna jimbo la Marekani lenye musi wengi kama Maine, na karibu asilimia 90 ya jimbo hili ni msitu, na sehemu kubwa ya huo msitu ni ya makampuni na watu binafsi kama mimi na wewe. Yani huyu mnyama maisha yake yako mikononi mwa watu wenye chenso.

Mi nimekulia Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill, misonobari imepangwa mistari kama mahindi, ikikomaa unaangusha unapanda tena basi. Nikaja huku na kichwa hicho hicho. Kwenye eka zangu 30 kulikuwa na kona ya chini, karibu na kinamasi, imejaa misprusi na mifiri, ile miti ya Krismasi ya huku, imebanana mpaka mchana kuna giza, na wakati theluji nje inanifika kiunoni mle ndani ilikuwa inaishia magotini. Kila Februari nilikuwa nakuta malalo yao mle, shimo lenye umbo la mwili mzima, theluji yake imeyeyuka kwa joto la mnyama alafu ikaganda tena kama kioo, na nywele ndefu za kahawia zimeng'ang'ania kwenye barafu. Bei ya magogo ilikuwa nzuri mwaka ule, nikakata kona yote kwa msimu mmoja ardhi ikiwa imeganda. Baada ya miaka michache chakula kikaota kwa fujo, mierebi, mibetula, mimepo, yani miti ya majani mapana, na musi wakaja kweli kiangazi. Ila ile miezi ya theluji nzito hakuna aliyekaa, hata lalo moja sikuona. Hilo linaniuma mpaka leo maana mfiri haurudi kwa miaka 5, unasubiri miongo.

Sasa kuhusu chakula, musi anapenda msitu uliokatwa, hili lazima tuliseme wazi. Anakula vitawi vya miti michanga ya majani mapana, siku ya kiangazi anaweza kumaliza kilo 20 au zaidi, na msitu mkubwa uliozeeka hauna kitu cha kumfikia mdomoni. Miaka ya 1970 na 1980 viwavi wanaokula misprusi na mifiri waliharibu misitu ya hapa, kampuni zikafyeka maeneo makubwa mno kuokoa mbao, na miti michanga iliyoota pale ndo iliyowanenepesha musi wakaongezeka sana. Wananchi wakachukizwa na ule ufyekaji, mwaka 1989 ikapitishwa sheria, na leo eneo moja la kufyekwa haliruhusiwi kuzidi eka 250. Kwa hiyo anayekwambia mkata miti ni adui wa musi, mwambie hapana, musi wengi wa Maine wametokana na shoka.

Ukitaka kujua kama wanakula kwako usisubiri kuwaona, shika kitawi. Musi hana meno ya mbele taya la juu, kwa hiyo anararua, ncha inabaki na nyuzinyuzi. Kama imekatwa mshazari safi kama kwa kisu huyo ni sungura.

Lakini kuna kupe, na hapa naomba unisikilize vizuri. Sisi tuliofuga tunajua kupe, ng'ombe tunawapeleka josho, musi nani atampeleka josho? Kupe wa huku wa majira ya baridi anapanda kwenye majani na vichaka Septemba na Oktoba, wanashikana kwa maelfu wanasubiri, musi akipita wanamvaa, na wanabaki kwa mnyama huyo huyo mmoja mpaka Machi na Aprili ambapo majike yanavimba damu kama zabibu na kudondoka kutaga. Theluji ikiwahi wengi wanakufa kabla hawajapata mwenyeji, ila siku hizi inachelewa. Mwaka 2022 kwenye eneo moja la utafiti Maine, ndama 70 walivishwa kola za kuwafuatilia, 60 wakafa kabla ya kiangazi. Mi mwenyewe Aprili moja nilimkuta ndama barabarani, shingo yote imebaki nyeupe kwa kujisugua kwenye miti, mbavu unazihesabu, nikapiga honi akanitazama tu, hana nguvu ya kusogea. Nilizima gari nikakaa pale mpaka akavuka.

Kwa nini nakwambia habari za kupe kwenye mambo ya kukata miti? Kwa sababu ukifyeka kipande kikubwa kwa mpigo, miti michanga yote inaota umri mmoja, musi wote wa jirani wanajazana hapo, kupe wanadondoka hapo Aprili, na vuli musi wanarudi kula hapo hapo wanawaokota watoto wa kupe hao. Ndo maana mwaka 2021 serikali ya jimbo ilianza kuongeza vibali vya kuwinda kwenye eneo moja la kaskazini, wapime kama musi wakipungua kupe nao watapungua. Inauma kusikia, ila mi naona wako sahihi. Usijipime kwa wingi wa musi kwako, angalia kama ndama wanafika kiangazi.

Kwa hiyo yule wa eka 60 nimemwambia hivi, kata vipande vidogo, kimoja leo, kingine baada ya miaka kama 7 au 8, ili siku zote uwe na kipande cha kula na kingine kinachokua. Miti ya kijani mwaka mzima iliyobanana, hasa ile ya karibu na maji, iache, na iwe hatua chache tu toka chakula kilipo, maana theluji ikiwa nzito musi hatembei mbali, na kiangazi nako joto likipita nyuzi 14 hivi za Selsiasi linaanza kumsumbua, anataka kivuli na matope. Mifiri michanga chini ya mikubwa usiikanyage na mashine, hiyo ndo hifadhi ya kesho. Dawa ya kuua miti ya majani mapana usipulize, unamnyima chakula. Na kabla ya chochote peleka taarifa ya uvunaji idara ya misitu, alafu mwite bwana misitu wa wilaya aje mtembee naye, ni bure kabisa, mi sikumwita na unajua kilichonipata.

Jumamosi naenda naye kufunga utepe wa bluu kwenye miti isiyoguswa, tunaanzia chini kwenye kinamasi. Nimemwambia aje na buti ndefu.