Kabla hujanunua amplifaya, igeuze uisome mgongoni

Twita ya upande wa kulia, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ilikata sauti katikati ya wimbo, mbele ya wageni. Nilidhani waya umechomoka. Kesho yake fundi aliifungua akanionyesha koili: nyeusi tii, kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kutumika. Akaniuliza amplifaya yangu ina nguvu kiasi gani. Nikajibu, kwa kujidai kidogo, wati 1,200. Akaigeuza, akaweka kidole kwenye kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa umeme inaokula: wati 80.

"Inakula themanini, inatapika elfu moja na mia mbili?"

Nikanyamaza. Ile 1,200 ilikuwa PMPO, namba ya kupambia boksi. Haina kipimo kimoja kinachokubalika, kwa hiyo kila mtengenezaji anaandika anavyopenda. Tafuta wati za RMS, yaani za mfululizo, kwa kila chaneli (upande wa kulia na wa kushoto), huku zote mbili zikifanya kazi. Namba hiyo ije na wenzake: ni kwa omu ngapi (kipimo cha jinsi spika inavyokinza umeme), na sauti inaharibika kwa asilimia ngapi ikifika hapo. Wati zilizoandikwa peke yake usizihesabu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba twita yangu haikuuawa na amplifaya kubwa. Iliuawa na ndogo. Ukiilazimisha amplifaya itoe kuliko ilivyojaliwa, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, yanakuwa bapa juu na chini. Ndipo unasikia sauti inapasuka. Mawimbi yaliyokatwa hivyo huzaa nguvu nyingi ya masafa ya juu, na ya juu yote yanaishia kwenye twita, ambayo koili yake ni uzi tu. Tangu siku ile, sauti ikianza kukwaruza mimi napunguza, hata kama wageni wananuna.

Sasa, wati ngapi zinatosha? Swali hili waulize spika zako kwanza, amplifaya baadaye. Kwenye karatasi yake kila spika ina namba ya desibeli: sauti inayotoa ikipewa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1. Spika za desibeli 90 na za desibeli 84 zinaonekana kama majirani, lakini hizi za pili zinahitaji nguvu mara nne ili zifikie sauti ileile. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Ndiyo maana kutoka wati 100 kwenda 120 hupati hata desibeli moja kamili, na mtu anayekwambia utaisikia tofauti hiyo huenda ana mzigo wa kuuza.

Zangu ni za desibeli 86. Kwa usikilizaji wa kawaida sebuleni zinatumia wati moja au mbili, basi. Kazi iko kwenye mshtuko wa ngoma: pigo moja linaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani wa wimbo, na desibeli 20 ni nguvu mara mia. Wati moja inaomba mia kwa sekunde ndogo mno. Akiba unayonunua ni ya pigo hilo. Ukiwa na chumba kidogo na spika zisizo nzito kusukuma, wati 40 za kweli zitakushibisha. Chumba kikubwa, au spika ngumu, panda.

Na ugumu wa spika uko kwenye omu. "Omu 8" iliyoandikwa nyuma ni jina la utani tu. Muziki ukipita namba hiyo hupanda na kushuka kufuatana na masafa, na kwenye besi inaweza kuangukia 4 au chini zaidi. Hapo amplifaya inaombwa mkondo mwingi wa umeme. Kwa hiyo soma wati zake kwa omu 8, kisha kwa omu 4. Inayotoa 60 halafu 100 naiamini kuliko inayojigamba 100 kwa omu 8 na kukaa kimya kuhusu 4. Ukimya ule una maana yake.

Zamani tulipima kwa mkono: ikiwa nzito, ina transfoma ya maana. Amplifaya hugawanywa kwa klasi, yaani namna zilivyoundwa ndani; kwa klasi AB kipimo hicho bado kinasaidia. Klasi D imekiharibu, kwani nyingi ni nyepesi, hazichemki sana, na zinafanya kazi vizuri. Klasi A niliwahi kuazima kwa wiki mbili. Sauti tamu kweli, lakini inakula umeme hata wimbo ukiwa kimya, na mapezi yake ya alumini yalikuwa moto kama pasi. Niliirudisha bila kinyongo.

Kumbuka pia kwamba pawa amplifaya tupu mara nyingi haina kitufe cha sauti. Inahitaji pri-amplifaya mbele yake, kifaa cha kupandisha na kushusha sauti kabla haijafika kwenye pawa. Mimi nilichomeka simu moja kwa moja, sauti ya simu ikiwa mwisho. Paka hakurudi hadi jioni.

Ukienda kusikiliza, sawazisha sauti za amplifaya mbili kabla hujazilinganisha, kwa sababu iliyo juu kidogo tu sikio huiona bora. Nenda na nyimbo unazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Kisha zima muziki, sogeza sikio kwenye twita. Mchirizo hafifu si kitu. Mngurumo unaosikika ukiwa umekaa kwenye kiti ni tatizo, ila usiilaumu amplifaya mara moja. Wa kwangu ulitoka kwenye king'amuzi kilichounganishwa na mfumo. Nilichomoa kifaa kimoja kimoja hadi nikakipata. Yuko atakayekushauri ukate pini ya ethi kwenye plagi ili mngurumo uondoke. Utaondoka kweli, pamoja na kinga yako siku hitilafu ikipeleka umeme kwenye bodi la chuma unalolishika kila siku.