Nizwa, chini ya Jabal Akhdar: wasomaji wanauliza

Barua kadhaa zimeuliza habari za Nizwa, mji wa bara ya Oman ulioegemea milima ya Hajar, pale jangwa linapoanza kupanda. Najibu kwa furaha, maana ni mji ambao wageni wengi huupita mbio, nao haustahili mbio hizo.

Tutakuwa Muscat kwa wiki moja. Nizwa twende na kurudi siku hiyo hiyo? — Msomaji, Dar es Salaam

Inawezekana, kwani barabara ni nzuri na mwendo hauzidi saa mbili, lakini sishauri. Anayekuja kwa siku moja hufika jua limeshapanda, akazunguka ngome, akanunua chungu, akaondoka kabla mji haujafungua milango tena jioni. Adhuhuri maduka mengi hufungwa hadi saa kumi. Nizwa ni mji wa asubuhi na jioni.

Njooni Alhamisi mlale siku mbili. Tafuteni nafasi Harat al-Aqr, mtaa wa kale wa nyumba za udongo kando ya ngome, ambako baadhi ya nyumba zimekarabatiwa kuwa za wageni. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mmeshafika kwenye mnada wa mifugo. Wenye mbuzi huwazungusha wanyama wao kwenye duara huku wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi wamejipanga ndani na nje ya duara hilo. Anayemtaka mnyama humsimamisha, akamfunua mdomo kutazama meno, akampapasa mgongo, na bei ikaanza kubishaniwa hapo hapo. Mtaona wazee wa kanzu na bakora, na mabibi wa Kibedui waliovaa barakoa, nao wanauza na kununua kama wengine. Ikifika saa tatu shughuli imekwisha. Simameni pembeni msizibe njia, na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wanawake.

Sitaki kula baga nchi ya watu. Niagize nini? — Msomaji, Tanga

Ulizia shuwa kwanza. Ni nyama ya mbuzi, kondoo au ng'ombe iliyopakwa viungo na kitunguu saumu, ikafungwa kwa majani ya mgomba au ya mtende, kisha ikashushwa kwenye shimo lenye makaa na kufukiwa. Hulala humo siku nzima, mara nyingine mbili, na ikitolewa haihitaji kisu. Kwa asili ni chakula cha Idi: majirani huchimba shimo moja, kila nyumba ikatia furushi lake lenye alama. Kwa hiyo anayekualika shuwa ya Idi nyumbani kwake amekupa heshima kubwa, usikatae. Siku nyingine mikahawa ya Kiomani huipika, na inafaa kuulizia mapema kama ipo.

Mengine utayatambua mwenyewe. Harisi ni bokoboko lile lile la ngano na nyama. Kabuli ni ndugu wa pilau. Magharibi ikiingia, fuata moshi wa mishkaki barabarani, ule kwa mchuzi wa ukwaju wenye pilipili. Kuna na mkate wa rakhal, mwembamba kama karatasi, unaopakwa yai au asali na kuliwa na chai ya karak. Huo ndio mlo wangu wa jioni ninaoupenda kuliko yote, ingawa ni rahisi na haumo kwenye picha za matangazo.

Mikahawa mingi ya kienyeji ina vyumba vya faragha kwa familia. Mnavua viatu, mnakaa chini, sinia moja inawekwa katikati. Kahawa huja na tende. Pokea kikombe kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kidogo, la sivyo mwenyeji ataendelea kumimina.

Mume wangu anapenda historia. Zaidi ya ngome ya Nizwa kuna nini? — Msomaji, Mombasa

Anzeni na ngome hiyo hiyo, na msiikimbie. Ilijengwa katikati ya karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif al-Yaarubi, aliyewafukuza Wareno Muscat mwaka 1650. Husimuliwa kwamba kazi ilichukua miaka 12. Pandeni ngazi za mnara taratibu mkitazama juu na chini: ngazi inapinda, kila pindo lina mlango mzito, juu ya mlango kuna tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemka, na chini kuna shimo lililofunikwa kwa mbao. Asali hiyo ilipatikana humo humo. Tende zilirundikwa ghalani juu ya vijifereji, na uzito wake wenyewe ukazikamua.

Kisha nendeni Bahla, nusu saa hivi kwa gari. Ngome yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987, na wafinyanzi wa mji huo bado wanafanya kazi. Mbele kidogo ni Jabrin, na hapa ninyi wa Mombasa mna habari yenu. Kasri hiyo yenye dari zilizochorwa maua ilijengwa na Imam Bilarab bin Sultan, mwana wa huyo aliyejenga ngome ya Nizwa. Ndugu yake Saif bin Sultan akaupinga uimamu wake na kumzingira humo humo Jabrin, hadi Bilarab akafa na kuzikwa ndani ya kasri. Kaburi lake lipo. Huyo Saif ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Fort Jesus mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Mtu aliyekulia karibu na Fort Jesus akisimama Jabrin, anakuwa amefika kwa wenye kisa.

Tuna watoto wadogo na tumekodi gari dogo. Jabal Akhdar tutapanda? — Msomaji, Nairobi

Kwa gari hilo hapana. Pale Birkat al-Mauz kuna kizuizi cha polisi, na linaruhusiwa tu gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mteremko ni mkali kweli, sheria hiyo ina sababu. Kodini gari na dereva kwa siku moja. Juu kuna baridi hata Nizwa ikiwaka, mashamba ya ngazi, mawaridi ya kutengenezea maji ya waridi kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, na komamanga mwisho wa kiangazi.

Mkibaki chini, wapelekeni watoto Falaj Daris wakatie miguu majini. Ni mmoja wa mifereji mitano ya kale iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006. Maji hutoka chini ya ardhi bila pampu, na wenye mitende huyagawana kwa zamu za muda. Msitie sabuni wala taka, kuna watu wanayatumia mbele.

Ninunue halua, au nitakuwa nimebeba ya nyumbani? — Msomaji, Zanzibar

Nunua. Ya Nizwa ina sifa Oman nzima, na muuzaji atakuonjesha kabla hujaamua. Chagua yenye zaafarani. Tende za khalas pia, kwa kilo.

Kiswahili kitanifaa? — Msomaji, Bujumbura

Muscat zaidi, Nizwa kwa bahati. Familia nyingi zilirudi kutoka Zanzibar baada ya 1964, na nyingine kutoka bara, Burundi na Kongo, hasa tangu 1970. Anza na salamu ya Kiarabu, kisha jaribu. Wazee hufurahi sana.

Twende miezi gani, na tujihadhari na nini? — Msomaji, Arusha

Oktoba hadi Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, na Ramadhani msile hadharani mchana. Hatari kubwa ni mabonde. Mvua ikinyesha mlimani, maji hushuka ghafla hata mlipo pakiwa pakavu. Mkikuta maji yamekata barabara, simameni msubiri yapungue, hata kama magari mengine yanapita. Kuvuka ni kosa la kisheria, na kila mwaka kuna watu wanaochukuliwa na maji hayo.