Hiyo fleti ya Msasani subiri kwanza

Mwanangu, meseji yako niliisoma juzi usiku nikaanza kujibu, macho yakagoma nikalala, sasa nimekaa na chai yangu nakujibu vizuri. Umeuliza mchukue ile fleti ya vyumba viwili Msasani au mtafute nyumba ya kawaida Kijitonyama, maana mtoto anakaribia mwaka na hapo mlipo chumba na sebule pamewabana. Afu ukasema mkwe ameshaipenda fleti, kuna jenereta, kuna mlinzi getini, rafiki zenu wote wamehamia pande hizo na Coco Beach hiyo hapo.

Pazuri, sikatai. Ila mi nilishakaa mtaa unaosifiwa na kila mtu na we ulikuwepo, umesahau tu.

Baba yako alinileta Sinza 1989. Enzi hizo ukisema unakaa Sinza watu wanakuona umefika, ingawa vile viwanja vya Sinza na Kijitonyama na hata hiyo Mikocheni mnayoiona ya matajiri vilipimwa miaka ya 70 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwe vya watu wa kipato cha chini, sasa nenda kaulize bei leo. Marehemu Remmy Ongala alikuwa mkazi wa Sinza, ndo maana kituo kinaitwa Kwa Remmy mpaka leo. Tukajiona tuko mjini kwelikweli. Kumbe sifa zote zile ni za usiku bwana, na sisi tuna mtoto! Ikafunguliwa baa mkabala na dirisha la chumbani, spika zinapiga mpaka vikombe vinacheza kabatini, we ukawa hulali usiku unakuja kulala saa tatu asubuhi mi natakiwa kazini, na chekechea mwalimu akaniita kuniambia mtoto wako wenzake wakiimba Ukuti Ukuti yeye anaimba nyimbo za baa. Baba yako alicheka, mi nililia.

Lakini Sinza hiyohiyo ndo ilikuokoa. Ulipata degedege saa nane usiku, baba yako yuko safari, nikatoka nje na kanga moja napiga kelele, akaamka mama muuza maandazi wa nyumba ya pili akamwamsha mumewe na pikapu yake mbovu, tukafika hospitali. Sikumpigia simu, simu yenyewe nani alikuwa nayo. Alinisikia tu. Sasa hiyo fleti yenu ghorofa ya nne milango imefungwa, AC zinaunguruma, nani atakusikia? Umeshawahi kumsalimia hata mmoja anayekaa pale? Mlinzi asije akawa ndo jirani yenu peke yake, na walinzi wenyewe wanabadilishwa kila mwezi.

Jingine, umesema iko kwa chini karibu na Bonde la Mpunga. Mwanangu, mpunga unalimwa wapi? Jina linajieleza lenyewe. Msiende kuangalia nyumba mwezi wa nane jua linawaka dalali anatabasamu, nendeni masika mvua imenyesha siku mbili muone mtapita wapi na mtoto mgongoni.

Mkwe ana hoja moja, hiyo nampa. We kazi yako Posta, na tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022 kutoka huko kwenda mjini si kama zamani, na nusu saa ya kukaa na mtoto jioni si kitu kidogo. Ila hela nayo muihesabu, kodi wanataka miezi sita kwa mkupuo, dalali anachukua ya mwezi mzima, bado mchango wa jenereta na lifti, na bei siku hizi wanataja kwa shilingi kwasababu serikali 2025 ilikataza dola lakini ni dola ileile imevaa kanga. Shule za hapo ada zake sizitaji. Mkishindwa ada mtampeleka mbali, mtoto wa miaka mitatu anafuatwa na basi saa kumi na moja alfajiri anasinzia na chupa ya uji mkononi, hiyo mi sitaki kuisikia.

Kwaiyo mimi nasema Kijitonyama, nyumba yenye uwanja hata kama vigae vyake vya zamani, luku yenu peke yenu msichangie na mtu, na kabla ya kulipa mmuulize mama wa genge, sio dalali, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na hapo karibu kuna baa gani.

Mwambie mkwe asitoe hata mia mpaka nije. Jumamosi natoka Kibaha mapema, nashuka Kimara napanda mwendokasi mpaka Morocco, mnipokee hapo. Tutaiona kwanza hiyo fleti yake ili asiseme mama mkwe ana kichwa kigumu, afu tunaenda Kijitonyama na tunakaa hukohuko mpaka saa nne usiku nisikie mwenyewe. Mjukuu wangu mvalishe sweta.