Jibu: Nimpokonye binti simu likizo nzima?

Dadangu wa Kisauni, Mombasa, umeuliza kama umpokonye simu binti yako wa miaka 15 likizo hii yote, maana usiku hapati usingizi na kila akitoka Instagram hununa. Usimpokonye. Ataazima ya rafiki au atafungua akaunti ya pili usiyoijua, nawe utabaki gizani. Mapumziko ya mitandao yanayofaa ni yale anayojua yanaanza lini na kwisha lini.

Kwanza jua kinachomnunisha. Kama ni kujilinganisha na sura na maisha ya wengine, mapumziko husaidia. Kama anatukanwa, au kuna mtu anatishia kusambaza picha zake, kuzima akaunti mapema ni kupoteza ushahidi. Pigeni skrinshoti zinazoonyesha jina la akaunti na tarehe, asilipe hata shilingi, kisha mzuieni mtu huyo kwenye akaunti na mwende polisi. Unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Na akisusa chakula na watu kwa wiki 2, au akitaja kufa au kujikata hata mara moja, hapo si suala la simu tena: mpeleke hospitali ya Coast General au kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya Port Reitz. Nambari 116 ya watoto hupigwa bure.

Kisha tazameni mwaka wa kuzaliwa alioandika kwenye akaunti zake. Wengi hujisajili kama watu wazima, na ulinzi wote wa vijana ukawapita. Instagram ilianza Septemba 2024 kuwaweka walio chini ya miaka 18 kwenye akaunti za vijana, zinazonyamazisha arifa kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. TikTok huwawekea kikomo cha dakika 60 kwa siku, ila kijana akiandika nambari ya siri huendelea; ukiunganisha akaunti yako na yake kwa Family Pairing, sehemu ya mzazi ndani ya TikTok, kikomo unakiweka wewe.

Anza na usiku. Umri wake unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu zote, na yako ikiwemo, zichajiwe sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Atasema anaihitaji kwa alamu. Mnunulie saa ya mezani. Zile bando za saa moja nazo ni balaa: akishanunua hataki MB zipotee, basi hukesha kuzimaliza. Afadhali bando dogo la wiki.

Usiku ukishatulia, pangeni mapumziko ya wiki 3. Siku tatu nne ni kazi bure, kwa sababu siku za mwanzo ndizo za hasira na uchovu, na ukikatiza hapo ameonja adha peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapimia wanafunzi wa chuo dakika 10 kwa siku za Facebook, 10 za Instagram na 10 za Snapchat, kwa wiki 3, na upweke na huzuni vikapungua. Kumbe hata kuacha kabisa si lazima.

WhatsApp mwachie, mambo ya shule na madrasa hupitia huko. Anyamazishe Status tu. Instagram aizime kwa muda, asiifute, kwani ikipita siku 30 baada ya kufuta picha zake hazirudi. Kuondoa programu pekee hakutoshi, ataingia kwa Chrome. Marafiki wa Snapchat awaambie mapema: streak, ile hesabu ya siku mfululizo za kutumiana picha, hukatika asipotuma picha au video ndani ya saa 24, na wenzake hudhani wamenuniwa.

Saa zinazobaki wazi ndizo huvunja mipango mingi, hasa alasiri. Mtafutie jambo lenye watu: kuogelea ufukwe wa Pirates na binamu zake, kujifunza kupaka hina kwa shangazi, timu ya mtaa. Usimwongezee vyombo vya kuosha, ataona ameadhibiwa.

Wiki zikiisha, arudi na mtandao mmoja, arifa zikiwa zimezimwa isipokuwa za ujumbe wa anaowajua. Siku hiyohiyo aache kufuata kila akaunti inayomfanya ajitazame vibaya kwenye kioo, achague mwenyewe. Wa pili usubiri wiki 2.