Kihispania cha Mexico City: kariri kwanza maswali utakayoulizwa wewe

Mkuu, umeuliza: kwa safari ya wiki mbili Mexico City, ukariri maneno gani ya Kihispania, au programu ya kutafsiri kwenye simu inatosha. Nimesoma katika mji ule na nikapanga chumba huko, nitakujibu kwa ninayoyajua. Simu itakufaa hotelini na kwa daktari. Kwenye kibanda cha taco (chapati ndogo ya mahindi iliyowekwa nyama) usiku, nyuma yako foleni ya watu wenye njaa, hakuna atakayekusubiri usome kioo.

Waliotangulia kukujibu hapa wamekupa maneno ya kuomba na kuuliza. Sawa, lakini kuuliza ndiyo sehemu nyepesi. Ukiuliza kwa Kihispania kilichonyooka, utajibiwa kwa kasi ya mwenyeji, na hapo ndipo wageni wengi hubaki wametoa macho. Mimi ningeanza na maswali ambayo WEWE utaulizwa. Ni machache na yanajirudia kutwa.

Matamshi yasikutishe. Irabu ni zile zile tano, na neno likiishia na irabu kwa kawaida hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama letu. Ñ ni "ny" ya nyanya, LL ni "y", H haitamkwi, na J ni "kh", ambayo watu wa pwani hamhitaji kufundishwa.

Usianze na shida yako kabla ya salamu. "Buenos días" mpaka adhuhuri, "buenas tardes" mpaka giza liingie, kisha "buenas noches", ambayo kwao ni salamu ya kufikia pia, si ya kuagia tu. Ukichoka, "buenas" tupu inatosha, hata kwenye lifti. Kumwita mtu usiyemjua ni "disculpe", kuomba njia katikati ya watu ni "con permiso". Usiposikia, usiseme "¿qué?", itasikika kavu. Sema "¿mande?". Hiyo ndiyo "abee" na "naam" yao. Mtoto akiitwa na mama yake huitikia hivyo hivyo. Ukipita karibu na meza ya watu wanaokula, hata kama huwajui, watakie "provecho".

Sasa chakula, maana hapa ndipo utaongea kuliko popote. Unasema "Me da tres de suadero, por favor", yaani nipe taco tatu za suadero, nyama laini ya ng'ombe. Mkono wake haujasimama, anakuuliza "¿Con todo?" Anataka kujua kama akuwekee vitunguu na kotimiri. Jibu "con todo", au "sin cebolla" kama vitunguu hutaki. Akikuuliza "¿con copia?", ni kama uongezewe chapati ya pili ya mahindi chini ya ile ya kwanza. "¿Para llevar?" ni ya kubeba, "¿para comer aquí?" ni ya kula hapo hapo. "¿De tomar?" ni kinywaji. Hapo agiza "agua de jamaica", tamka khamaika. Usiogope jina, ni juisi ya rozela tu.

Kwa Waislamu, hapa msome polepole. Utaona nyama imechomekwa kwenye mti wa chuma unaozunguka mbele ya moto, ukadhani ni shawarma. Asili yake kweli ni wahamiaji kutoka Lebanon, lakini ile "al pastor" ni nguruwe, na nanasi juu. "Carnitas" ni nguruwe, na "chicharrón" kwa kawaida ni ngozi yake. Kauli yako ni "No como puerco", sili nguruwe. Kisha uliza mafuta: "¿Lleva manteca?" Manteca ni mafuta ya nguruwe, na hupenya hata kwenye maharage na tamale (unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani) ambazo hazina kipande cha nyama.

Pilipili: ukiuliza "¿pica?" ukaambiwa "no pica", pima kwa tone moja kwanza. Huyo anayekujibu amezila tangu utotoni.

Kibandani unakula kwanza, unalipa baadaye, na mara nyingi mwenyewe atakuuliza umekula ngapi: "¿Cuántos fueron?" Wewe unasema "¿Cuánto le debo?", kwa hiyo namba huzikwepi, hasa veinte, treinta, cincuenta, cien, doscientos, quinientos. Ukitoa noti ya 500 ya mashine ya benki utasikia "¿no trae cambio?", huna chenji? Ivunje mapema kwenye duka kubwa. Mgahawani bili haiji mpaka uiite, "la cuenta, por favor", na kwenye mashine ya kadi utaulizwa bakshishi, "propina". Kawaida ni asilimia 10 mpaka 15.

Sokoni, La Merced kwa mfano, wauzaji watakuita "güero". Maana yake mtu mweupe. Mimi na weusi wangu huu niliitwa hivyo kila siku, ni mbwembwe za kuvuta mteja tu, usikasirike. Kushusha bei uliza "¿Cuánto es lo menos?", ya mwisho ngapi?

Metro nauli ni peso 5, na kila kituo kina picha yake (Chapultepec ni panzi), hivyo hata jina likikuponyoka utaitambua. Treni huulizwa kwa kituo chake cha mwisho: ukitoka kati ya mji kwenda kusini kwa mstari wa 2, ni "dirección Tasqueña". Ndani kukijaa mtu atakuuliza mgongoni "¿va a bajar?", unashuka? Kama hushuki, mpishe. Saa za msongamano mabehewa ya mbele ni ya wanawake na watoto, wanaume msijisahaulishe. Kwenye basi dogo, pesero, hakuna konda. Nauli inapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi njia hiyo hiyo. "Shusha!" yao ni "¡bajan!", na kwa upole "en la esquina, por favor", kwenye kona.

Maneno mawili ni ya kusikia tu: "alerta sísmica". Ving'ora na sauti hiyo vikitoka kwenye spika za barabarani, fuata wenyeji bila mjadala. Tarehe 19 Septemba ni siku ya mitetemeko mikubwa ya 1985 na 2017, na kila mwaka siku hiyo hufanyika zoezi la kujihami, "simulacro". Lakini si kila spika ni hatari. Ile sauti ya msichana inayozunguka mitaani ikiimba "se compran colchones..." ni ya wanunuzi wa magodoro na friji mbovu.

Dharura ni 911. Pakua Kihispania kwenye simu kabla hujapanda ndege, kisha tuambie umefikia mtaa gani tukupe mstari wa metro.