Binti wa mtemi asiyeonekana kwenye orodha ya ukoo

Mkuu, umesema bibi mzaa babu yako alikuwa binti wa mtemi wa Kigogo upande wa Mvumi, Dodoma, lakini orodha ya ukoo haimtaji. Orodha nyingi za watemi hueleza nani alirithi kiti, basi. Binti aliyeolewa mbali hana nafasi humo, kwa hiyo usimtafute huko.

Fuata ng'ombe. Mahari ya Kigogo haiishii kwa baba tu, wajomba nao hupata fungu lao. Kawaulize wazee wa upande wa mama wa binti huyo: ng'ombe wa mahari walitoka kwa nani, na nani alipewa? Wazee waliosahau jina la binti mara nyingi hawajasahau mifugo. Uliza pia alizaliwa nyumba ya mke yupi, maana mtemi alikuwa na wake wengi na watoto hutambulikana kwa mama.

Kisha nenda parokia za Kianglikana, Mvumi au Mpwapwa, uombe daftari la ubatizo na la ndoa. Anza na jina la mume. Yeye huandikwa vizuri zaidi. Soma kwa sauti, kwani wamisionari waliandika majina walivyoyasikia. Umri wa mtu mzima aliyebatizwa ni makadirio, upime kwa njaa ya Mtunya (1917–1920): alikuwa ameolewa, au bado mtoto?

Hatari kubwa ni mjukuu aliyerithi jina la babu. Ukiwaunganisha hao wawili, vizazi viwili vinapotea, na binti anaonekana dada wa babu yake.